Shimo la Bibi Chini ya Kisiki

Mtu mmoja alikuwa na shamba ambalo hakulilima. Lilikuwa katika nchi ya kaskazini, ambako maziwa na mito huganda kwa baridi mpaka watu hutembea juu ya maji kwa viatu. Ndani ya shamba hilo, nyuma ya uzio wa waya uliozidi urefu wa watu wawili, aliwaweka dubu weusi watatu. Hakuwaweka kwa ajili ya nyama wala ngozi. Aliwachukua kutoka kwa watu waliowatesa, akawapa miti, kidimbwi, na udongo wa kukanyaga. Alikuwa mtu mwema, na mwenyewe alijua kwamba ni mwema.

Wawili kati ya dubu hao walikuwa madume vijana waliozaliwa porini. Wa tatu alikuwa jike mzee, manyoya ya mdomoni yameshaingia mvi. Huyo alizaliwa kizimbani, na kwa miaka kumi na tisa aliishi kwenye ua wa saruji nyuma ya hoteli moja, wageni wakimrushia mkate. Ua ule ulikuwa na urefu wa hatua zake nane. Hata alipoletwa shambani, penye nafasi ya kukimbia, bado alitembea hatua nane, akageuka, akatembea nane, akageuka. Nyasi zilikufa kwenye njia yake, ukabaki mstari wa udongo mtupu kama uliochorwa kwa jembe.

Wafanyakazi wa shamba walikuwa ndugu wawili waliotoka Tukuyu, Ambokile na dada yake mdogo Sekela. Ambokile alikuwa na miaka tisa katika nchi ile, na kazi yake ilikuwa uzio. Sekela alikuwa na miaka miwili huko, na kazi yake ilikuwa chakula na malazi ya wanyama. Mwenye shamba alipokuwa na neno la kumwambia Sekela alimwambia Ambokile, na Sekela alipokuwa na la kujibu, Ambokile alijibu. Ilianza hivyo katika wiki ya kwanza, Sekela alipokuwa hajui hata kusema asante kwa lugha ya pale. Sasa alijua mengi, lakini hakuna aliyemuuliza kitu. Ndugu hao ndio waliompa yule dubu mzee jina la Bibi.

Kwa wasiomfahamu dubu, ni lazima niseme jambo moja. Baridi inapokaribia, hula mpaka mafuta yafunike mbavu zake. Kisha hujitafutia mahali, hupatengeneza, huingia, na hulala miezi minne au mitano bila kula, bila kunywa, bila hata kukojoa. Wale madume vijana walifanya hivyo kila mwaka. Bibi hakufanya. Majira ya baridi yaliyotangulia alitangatanga kwenye theluji mpaka mifupa ya mgongo ikahesabika, na mwenye shamba akampeleka kwa daktari wa wanyama, kwenye jengo lenye joto na sakafu ya saruji. Kule alirudia hatua zake nane, mchana na usiku, na alipoletwa nyumbani nyayo zake ziliacha damu kwenye majani mabichi.

Kwa hiyo safari hii daktari alisema wazi. Mnyama wa umri huo hahamishwi huku na huko kila mwaka. Akishindwa tena kulala, aende kwenye jengo na abaki huko hadi afe. Mwenye shamba alikubali, akaweka kipimo: theluji ya kwanza itakayokaa chini mpaka saa sita mchana bila kuyeyuka, ikimkuta Bibi hajalala, ataleta kizimba.

Sekela aliposikia hayo kinywani mwa kaka yake hakula chakula cha jioni. Yeye ndiye aliyezipaka dawa zile nyayo.

Kwao Tukuyu, mjukuu anayemwacha bibi yake ajitandikie kitanda husemwa kwamba hakulelewa. Sekela alitandika. Upande wa kusini, penye jua, kulikuwa na kibanda cha mbao kilichofunikwa udongo ili kifanane na pango. Alikifagia, akakisugua kwa maji ya moto na sabuni, akakiacha siku mbili kikauke. Aling'oa ubao mmoja mlangoni ili nyonga za mzee zisikwaruzwe. Kisha aliingiza marobota matatu ya nyasi kavu, akayafungua, akazipanga nyasi kuanzia ukutani, nene kichwani na nyembamba miguuni.

Ambokile alisimama nje ya uzio akimtazama. "Mdogo wangu," alisema, "umesahau foronya."

"Cheka tu. Ungekuwa wewe unayezeeka peke yako usingecheka."

"Mimi nina akili, ningechimba. Huyu alizaliwa juu ya saruji. Shimo atalijulia wapi?"

"Basi ndiyo sababu namtandikia."

Katika hilo ndugu wawili walikubaliana kabisa.

Asubuhi iliyofuata nyasi zote zilikuwa nje ya kibanda, zimetawanyika. Sekela alizikusanya, akazitandika tena, nene zaidi. Kesho yake zilikuwa nje. Alifikiri pengine zina vumbi, akaleta nyingine. Alifikiri mlango bado ni mdogo, akang'oa ubao wa pili. Zilikuwa nje. Aliona pia kwamba kila siku nyasi zilizobaki zilikuwa chache kuliko alizoweka, akasema ni upepo. Hakuwa mzembe. Alipima kila kitu, hata kina cha nyasi kwa kiganja chake, na alikuwa na hofu ya mtu anayejua kwamba akikosea mwingine ndiye atakayeumia. Lakini alipima ndani ya kibanda tu.

Ambokile naye alikuwa na shida yake. Shambani palikuwa na amri moja isiyojadiliwa: shimo lolote litakaloonekana ndani ya hatua tano kutoka kwenye uzio lifukiwe kwa mawe kabla ya adhuhuri. Amri hiyo ilikuwa na sababu. Miaka ya nyuma dume mmoja alichimba chini ya waya, akatokea barabarani, na watu waliomwona walimpiga risasi. Kwa hiyo kila asubuhi, dubu walipoitwa kula matofaa na mahindi nyuma ya lango la kulishia, Ambokile alizunguka ndani na toroli lake na sepeto. Mwezi ule kulikuwa na shimo moja lililomchosha. Lilikuwa upande wa kaskazini, chini ya kisiki cha msonobari uliong'olewa na dhoruba, hatua nne tu kutoka kwenye waya. Alilifukia Jumatatu, Jumanne likawa wazi. Alilishindilia kwa mawe ya ukubwa wa ngumi, yakatolewa. Akaleta mawe ya kichwa cha mtu. Yakatolewa.

"Ni wale vijana wawili," alimwambia dada yake mezani. "Wana nguvu na hawana adabu. Leo nimeweka mawe ambayo mimi mwenyewe nimeyasukuma kwa kifua. Wakiyatoa hayo, nawaachia na sepeto, narudi kwetu."

"Afadhali wewe, wako wanachimba," Sekela alisema. "Wangu hata kitanda alichotandikiwa hakitaki."

Walisema hivyo huku wakila kutoka sahani moja, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Mwisho wa juma wale vijana waliingia kwenye mapango yao wakalala, na bado shimo lile lilifunguliwa. Ambokile alilifukia bila kuuliza. Mtu akishazoea kazi, mikono haimngoji.

Theluji ya kweli ilianguka alfajiri moja mwishoni mwa Novemba, ikakoma kulipokucha. Saa tatu ilikuwa bado imelala, nyeupe, bila dalili ya kuyeyuka. Mwenye shamba alimpigia simu Ambokile akasema atakuja saa sita na kizimba.

Sekela alibeba ndoo ya matofaa hadi kwenye lango la kulishia akaita. Bibi hakuja. Hilo lilimshtua, maana mnyama yule hakuwahi kukosa chakula hata siku moja. Aliweka ndoo chini akatazama ndani ya uzio kutafuta alipolala mgonjwa wake, na macho yake yakaangukia kwenye ule mstari wa hatua nane. Ulikuwa umefunikwa na theluji, laini kama unga uliochekechwa. Hapakuwa na unyayo hata mmoja juu yake.

Alisimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kisha akaona nyasi. Zilianzia mlangoni mwa kibanda chake, zikaenda kwa mafungu madogomadogo juu ya theluji, zikielekea kaskazini. Zilikuwa juu ya theluji, si chini yake. Ziliburutwa asubuhi ile ile, na asubuhi ile upepo haukuwapo.

Alizifuata akiwa nje ya waya, akitembea upesi, kisha akikimbia. Alipofika upande wa kaskazini alimkuta Ambokile amesimama na toroli lililojaa mawe, anangoja dubu aende kula ili aingie. Na ndani, chini ya kisiki, Bibi alikuwa anachimba. Alilikumbatia jiwe kwa mikono miwili, akalivuta, akalipitisha chini ya tumbo, akalisukuma nyuma kwa miguu. Alipumzika akihema. Akarudi kwa jiwe jingine.

"Kumbe ni yeye," Ambokile alisema. "Ajuza huyu. Na umri wote huo anataka kutoroka."

"Umelifukia mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Hili hili?"

"Hili hili. Usiniangalie hivyo, Sekela, ni amri. Nawe unaijua."

Sekela alipiga magoti kwenye theluji, akaweka uso karibu na waya. Mdomo wa shimo ulikuwa unamtazama, na shimo lenyewe lilikwenda mbali naye, likiingia chini ya mizizi kuelekea katikati ya shamba. Anayetoroka huchimba kuelekea waya. Huyu aliupa waya mgongo. Kisha Sekela aliona na mengine, moja baada ya moja, na kila moja lilimwaibisha na kumfurahisha pamoja. Upande ule wa kisiki jua halikufika, kwa hiyo theluji yake isingeyeyuka na maji yasingetiririka ndani. Kibanda chake cha kusini, penye jua, kingevuja. Ile mizizi iliyosimama wima ilikinga upepo. Mdomo wa shimo ulikuwa mwembamba mno, kichwa cha dubu na bega moja, ili joto lisipate pa kutokea. Naye Sekela alikuwa ameng'oa mbao mbili mlangoni. Na ndani kabisa, kwenye giza, aliona nyasi zake mwenyewe, zimepangwa.

Saa sita ilipotimia, wakiwa bado pale, lori dogo la mwenye shamba lilisimama nyuma yao. Alishuka, akatazama kizimba kama kimefungwa vizuri, akamwambia Ambokile, "Mwambie dada yako afungue lango la kulishia. Tutamvuta kwa asali."

Ambokile alifungua mdomo, kama alivyofanya kwa miaka miwili, na Sekela akamshika mkono.

"Kaka, hili nitalisema mwenyewe."

Akasema. Alisema kwa lugha ya mtu yule, maneno mengine yakitangulia pasipotakiwa na mengine yakikosekana, na alipokosa neno alionyesha kwa kidole. Alisema kwamba huyu hajashindwa kulala. Kwamba amechimba mahali pa kulala mara kumi na mbili, na mara kumi na moja sisi tumempokonya. Kwamba hakuja kula kwa sababu dubu aliye tayari kulala huacha kula, na hilo hata vitabu vilivyo ofisini vinalisema. Kwamba leo hakutembea zile hatua zake. Alimwomba aende kuutazama ule mstari mwenyewe.

Mwenye shamba alikwenda akautazama. Aliporudi alipiga magoti pale pale Sekela alipopiga, akachungulia. Hofu yake haikuwa ya uongo. Alimkumbuka yule dume wa barabarani.

"Akigeuka akapita chini ya waya, je?"

"Pima," Sekela alisema.

Walichukua mti mrefu, wakaupenyeza kupitia waya, wakapima shimo linakoelekea na umbali wake. Lilikuwa linazidi kwenda ndani. Mwenye shamba aliinuka akajipangusa theluji magotini.

"Ni nani aliyelifukia mara zote hizo?"

"Mimi," Ambokile alisema.

"Kwa amri ya nani?"

Ambokile alimtazama yeye, mwenye amri. Mwenye shamba aligeukia kizimba kilichokuwa juu ya lori. "Mpaka kesho saa sita," alisema. "Nikikuta yuko nje, ninamchukua."

Basi Sekela alikuwa na siku moja, na mikono yake ilimwasha. Alitaka kuingia akazitoe nyasi zilizolowa theluji, akaweke kavu, akatandike vizuri. Badala yake alileta robota moja hadi kwenye mlango mdogo wa uzio, akakata kamba, akalisukuma ndani, akafunga. Liliangukia hatua chache tu kutoka kwenye kisiki. Alirudi nyuma akasimama kando ya kaka yake, akiwa ameficha mikono kwapani.

Bibi alikuja akazinusa nyasi. Alichagua. Fungu moja lililokuwa na ukungu wa unyevu alilipiga kofi pembeni. Nyingine alizikusanya kifuani kwa mikono yote miwili, akageuka, akaanza kurudi kinyumenyume, akizivuta, bila kutazama alikokuwa anakwenda. Alifika kwenye mdomo wa shimo akaingia kwa makalio, nyonga moja, kisha ya pili, akizipindisha, zile nyonga ambazo Sekela alizihurumia. Akatoweka. Walisikia anakanyagakanyaga. Akatoka tena. Alifanya safari kumi na nne. Katika safari ya tisa alizitoa nje nyasi kadhaa alizokwisha kuziingiza, akazitupa, kwa namna ya mwenye nyumba asiyependa alichouziwa.

"Nani kamfundisha?" Ambokile aliuliza.

"Hakuna."

"Mama yake?"

"Mama yake alifungwa kwenye saruji ile ile."

Ambokile alilishika toroli lake. Alilisukuma lote na mawe yake, njia nzima mpaka nyuma ya ghala, akayamwaga huko. Aliporudi alisimama karibu na dada yake akiwa ameinua kidevu, kama mtu aliyekuja kwenye mahafali ya ndugu yake. Sekela alikuwa analia, naye hakujali. Hakuwa amewahi kujivuna kiasi kile kwa kazi ambayo hakuifanya.

Kesho yake saa sita lori lilikuja. Mdomo wa shimo ulikuwa umezibwa kutoka ndani kwa nyasi na vijiti, na theluji mpya imeanza kuufunika. Pembeni kulikuwa na tundu dogo lisilozidi ngumi ya mtoto, na kutoka humo mvuke ulitoka, ukakoma, ukatoka tena, polepole sana. Mwenye shamba aliuangalia mvuke ule mara sita au saba. Kisha alimwendea Sekela, si Ambokile, akamuuliza kama nyasi zilitosha. Sekela alitafuta maneno. Mwenye shamba alingoja mpaka alipoyapata.

Lori lilirudi tupu, na amri ya shamba ikaandikwa upya: kabla ya kufukia shimo, tazama linaelekea wapi.

Miaka kumi na tisa ya saruji haikuweza kumtoa Bibi kile alichozaliwa nacho. Ilikuwa imekilaza tu, na alipouzoea udongo alianza kuchimba, akachimba tena kila alipofukiwa, wala hakumlaumu mtu. Walio karibu naye walimpenda, na kwa upendo wao walikaribia kumrudisha kifungoni. Nanyi mlio na watoto nyumbani, na wake, na wazee, na wafanyakazi, na watu walioletwa kwenu kutoka mahali pa saruji: ni mashimo mangapi mmeyafukia asubuhi, kisha jioni mkasikitika kwamba mwenzenu hajui kuchimba?